Soli ya skii na ndoo ya bibi

Mpwa wangu kapata kazi Austria, anaondoka mwezi wa kumi na moja inshaallah, anakwenda Tirol, huko kwenye milima, kwenye duka la kukodisha skii, zile mbao mbili ndefu za kufunga miguuni mtu ateleze juu ya theluji, na tangu siku aliyopata viza haupiti usiku hajanitumia voisi, mjomba skii ni kitu gani khasa, mjomba zinaharibika vipi, mjomba wakinipa yenye tundu naanzia wapi. Nimemjibu mpaka koo limekauka, halafu wakaja vijana wengine wawili wa hapa hapa Paje, Unguja, na wao wanataka kwenda msimu ujao, wakaniuliza yale yale. Bas nikasema ntaandika mara moja niweke hapa, atakaesoma asome.

Kwa wasionijua, nilikaa kule misimu mitatu ya baridi, kwenye chumba cha chini cha duka, hakina dirisha, taa nyeupe siku nzima, harufu ya nta na chuma kilichosagwa. Jioni skii zinarudi kutoka mlimani zinasimamishwa ukutani moja baada ya moja, maji yanachuruzika sakafuni, kila moja na jeraha lake, na asubuhi saa mbili watu wanazitaka. Skuizi niko nyumbani natengeneza bodi za kite, zile mtu anavutwa na tiara juu ya bahari, na za sefu, za kupandia mawimbi, na watu wanafikiri hizo kazi mbili mbalimbali. Mie naona ni kazi moja tu. Kote huko unashika kitu kirefu kilichojengwa kwa matabaka, mbao au povu ndani, faibaglasi juu yake, na chini kuna uso unaoteleza ambao ndo unaopigwa na kila jiwe.

Skii ukiikata katikati kama boflo utaona juu kabisa plastiki yenye rangi na jina, chini yake faibaglasi, nyengine zina na bati jembamba la aluminiamu, katikati mbao, halafu faibaglasi tena, halafu chini kabisa ile plastiki inayogusa theluji, mara nyingi nyeusi. Hiyo mie naiita soli, manake ndo soli kama ya kiatu. Pembeni mwa soli, huku na huku, unapita ukingo mwembamba wa chuma, kama milimita 2 hivi, huo ndo unaokata barafu mtu akipinda, na meno yake yameingia chini ya soli ndani kwa ndani, hilo ulikumbuke kwa sababu tutarudi.

Sasa soli yenyewe. Ni polithilini, plastiki ya ukoo mmoja na dumu la mafuta ya kupikia na ule ubao mweupe wa kukatia nyama, isipokuwa ya skii nzuri imetengenezwa kwa molekyuli ndefu mno ndo mana ngumu kulika, madaktari wanaitumia plastiki hiyo hiyo kwenye nyonga za bandia. Ziko soli aina mbili. Moja plastiki imeyeyushwa ikasukumwa ikatoka kama tambi pana, hiyo rahisi, haili nta nyingi, ile inayopakwa chini skii iteleze, lakini inatengenezeka vizuri sana. Ya pili imetokana na unga wa plastiki ulioshindiliwa kwa moto na nguvu mpaka ukashikana, likapatikana pande moja kubwa, halafu pande lile likakatwa ngozi nyembamba. Hiyo inakunywa nta, inakimbia zaidi, na ndo wanayoitaka wanaoshindana. Mpwa wangu weye utakuwa kwenye skii za kukodisha, nyingi utakuta ni za aina ya kwanza, na mie naona ndo haki yake, kitu kitakachopandishwa juu ya mawe na mtu anaejifunza siku ya pili kiwe kile ambacho fundi anaweza kukiziba usiku mmoja. Unene wa soli ni milimita 1 na kidogo tu. Hapo ndo pa kuogopa, kwa sababu chini ya hiyo milimita moja kuna faibaglasi, halafu mbao.

Nimesema niandike kuhusu skii lakini siwezi kuacha kumtaja bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa Makunduchi, na alikuwa akiziba ndoo. Nadhani wengi wetu tuliokulia shamba tumeyaona haya, ndoo imepasuka, hainunuliwi nyengine, kisu kinawekwa kwenye mkaa mpaka kiwe chekundu, kinatafutwa kipande cha plastiki kutoka ndoo mbovu, kinayeyushwa kwa kile kisu kinakandikwa juu ya ufa, halafu kisu kinapitishwa ubapa mpaka palainike. Wengine walikuwa wakiziba na inavuja baada ya wiki. Ya bibi haivuji. Kwanza alikuwa anaiosha ndoo kwa majivu anaianika mpaka ikauke kabisa, tena huo ufa anaufungua kwa ncha ya kisu uwe mpana kidogo, na kipande cha kuzibia anakichagua, anakikwaruza kwa ukucha, anakinusa kikiungua, beseni lile halishikani na dumu hili, anasema, hawa si ndugu. Nilipofika Tirol nikaona wameshika kijiti cha plastiki kinawaka moto wanadondoshea kwenye skii nikasema mbona hii ndo ndoo ya bibi.

Haya, skii imekuja mbele yako. Usishike moto. Ioshe, ifute, iweke tumbo juu kwenye jiliwa, washa taa kwa ubavuni sio kwa juu, taa ya juu inaficha. Angalia kwanza rangi. Ukiona weupe weupe kama majivu, khasa karibu na ukingo wa chuma, na plastiki imefanya malaika kama nywele ndogo, hapo hapana jeraha, soli imekauka nta tu, imesuguliwa na theluji ngumu. Hiyo dawa yake nta, tutafika. Vijana wageni wengi wanaona weupe wanaanza kukwangua wanamaliza soli bure.

Halafu pitisha ukucha. Mikwaruzo ukucha haukwami, iache, wallahi iache, hata ikiwa mingi inatisha macho. Mikwaruzo iliyokwenda kwa urefu wa skii haizuii sana, ni njia ile ile inayopita theluji, iliyokwenda kwa upana na ikanyanyua mdomo ndo inayokamata. Ukucha ukikwama, tia alama kwa kalamu. Ukizama, leta tochi, angalia chini ya tundu kuna nini. Ikiwa chini bado kuna plastiki ya rangi ile ile, jeraha la ngozi. Ikiwa unaona kitu cha kung'aa chenye nyuzi, au unaona mbao, basi jiwe limepita soli limefika kwenye moyo wa skii, na hapo kazi imebadilika jina.

Hapa ndo pahala ambapo nataka mpwa wangu asome mara mbili. Tundu likifika moyoni suala la kwanza sio nitaliziba kwa nini, suala la kwanza ni maji yameshaingia mpaka wapi. Skii imeshinda kwenye theluji, theluji ni maji, mbao inakunywa. Usiku mtu kaiacha ndani ya gari nje, baridi chini ya sifuri, yale maji yakaganda, na maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, hiyo nguvu yake inatenganisha gundi na mbao, inanyanyua soli kutoka ndani bila ya mtu kuona. Kwa hiyo tundu unaloliona lina ukubwa wa kokwa ya ukwaju na uharibifu wenyewe una ukubwa wa kiganja. Unajuaje? Bonyeza kwa dole gumba kuzunguka tundu, uone kama soli inabonyea au maji yanatoka. Halafu gonga. Chukua sarafu au mpini wa bisibisi, gonga taratibu toka pale pazima kuja kwenye tundu, usikilize, kama unavyogonga fenesi sokoni. Pazima panatoa mlio mkavu wa juu, palipoachana panatoa mlio mzito wa uwazi. Chora kwa kalamu mpaka pale mlio unapobadilika. Mie mpaka leo hii ndo njia ninayoiamini kuliko macho.

Nilivyojifunza haya ni kwa kuharibu. Msimu wangu wa kwanza, Jumamosi, na Jumamosi kule ndo siku wageni wanabadilishana, wa zamani wanaondoka wapya wanaingia, kazi haina mwisho, ikanijia skii ina tundu karibu na ukingo, nikaona mbao kabisa, nikafuta kwa kitambaa, nikapitisha moto kidogo, nikadondosha plastiki, ikapoa nikakwangua ikawa laini mtu hajui pahala palipozibwa. Nilifurahi. Siku ya nne ikarudi, kiraka kimetoka chote kama kizibo na ukingo wa chuma umenyanyuka urefu wa kidole. Mtu aliekuwa ameikodi alikuwa ameanguka, alhamdulillahi hakuvunjika kitu, lakini angeweza. Fundi mkuu, mzee wa makamo, hakunigombeza. Alichukua kisu akafungua soli kidogo, akaingiza karatasi ya kufutia mikono, akaibana, akaitoa akanionesha. Imerowa. Siku nne baada ya mie kuziba bado imerowa, manake niliyafungia maji ndani mwenyewe kwa mikono yangu.

Usiku ule nilimkumbuka ami yangu wa Nungwi. Yeye alikuwa fundi wa vyombo, na nilipokuwa mdogo nikipelekwa kule likizo za skuli nilikuwa naona mashua inapandishwa pwani inakaa siku na siku hafanyi kitu, mwenyewe anakuja kila jioni ana hamu ya kwenda baharini, ami anamwambia bado. Anachomoa pamba ya zamani kwenye maungo ya mbao, anatia kidole, ananusa, anaondoka. Tena siku ya siku ndo anaanza kutia kalafati, pamba mpya na mafuta, pigo kwa pigo, na chini anakandika deheni ya chokaa na sifa, yaani mafuta ya papa. Nilikuwa naona anachelewesha tu. Kumbe ile kungoja ndo kazi yenyewe, nami nimekwenda kujua hayo kwenye theluji miaka ishirini baadae.

Bas kukausha. Skii yenye tundu la moyoni iondoe kwenye foleni, iandike karatasi, iweke chumba chenye joto la kawaida, tumbo juu, tundu limefunguliwa, usiku mzima au siku mbili, feni ikipita taratibu. Usiiweke juu ya hita wala usipige mashine ya hewa moto kwa karibu, joto kali linalegeza gundi iliyobaki. Ukiambiwa inatakiwa kesho sema haiwezekani, mpeni nyengine. Utaogopa kusema hivyo kwa sababu mgeni na lugha huijui vizuri, lakini sema, jifunze hilo neno la Kijerumani kabla hujapanda ndege.

Kuziba sasa. Jeraha la ngozi, ambalo halijafika moyoni, linazibwa kwa kile kijiti, mshumaa wa plastiki. Kata kwanza nywele zote zilizonyanyuka kwa kisu kikali sana, na kingo za tundu zikate ziingie ndani kidogo, tundu liwe pana chini kuliko juu, ili plastiki ikiganda ishikwe. Safisha kwa spiriti, na hakikisha hapana nta, nta ndo adui, plastiki haishiki juu ya nta hata ufanye nini, kwa hiyo kuziba kunatangulia na nta inakuja mwisho. Washa mshumaa, lakini usiudondoshe moja kwa moja, shika kipande cha bati, dondoshea pale kwanza matone ya mwanzo, yana masizi. Ncha ya mshumaa iwe karibu karibu na soli, moto uwe mdogo wa buluu, ukiuinua juu unakuwa wa manjano unatoa moshi mweusi na yale masizi yanaingia kwenye kiraka, kiraka chenye masizi kinakuwa dhaifu kinatoka. Zungusha mshumaa mkononi. Jaza mpaka pazidi kidogo juu ya soli. Halafu ondoka. Nenda kafanye kitu chengine, kwa sababu ukikikwangua kingali na joto unakivuta chote kinatoka tundu zima. Kikishapoa kabisa chukua bamba la chuma lenye ukali, kwangua kidogo kidogo mpaka bamba lipite bila ya kugonga. Fungua mlango upate hewa, ule moshi wa plastiki si kitu cha kuvuta msimu mzima.

Ikiwa karibu na chuma, pale yalipoingia yale meno ya ukingo, mshumaa haufai. Hawa si ndugu, kama alivyosema bibi. Polithilini haishikani na chuma wala faibaglasi wala mbao, ndo mana kiraka changu kilitoka, na hata kama pangekuwa pakavu kingelegea baada ya wiki chache. Pale unatia kwanza plastiki ya aina nyengine iliyotengenezwa ishike chuma, iko kama utepe au nyuzi, unaiyeyusha kwa chuma cha moto, kisha juu yake ndo unatia ya soli. Au unatumia gundi ya epoksi.

Tundu kubwa ni kiraka cha kukata, na hii kazi naipenda kuliko zote. Duka lolote lina skii zilizokufa, usiruhusu zitupwe zote, chukua soli yake ndo kitambaa chako. Kata kipande mviringo au kama jicho, kisiwe na pembe kali manake pembe ndo zinazonyanyuka mwanzo, kiweke juu ya jeraha, pitisha kisu kuzunguka mpaka mstari uingie kwenye soli, toa ile soli mbovu ndani ya mstari. Kipande kiingie kama mfuniko wa kopo, kibane, kisiwe na mwanya. Mgongo wa kipande upige msasa mpaka uwe na makwaruzo na upitishe moto mara moja upesi, plastiki hii kwa maumbile yake haitaki gundi. Tia epoksi, weka karatasi ya nailoni juu, juu yake kipande cha bati kilichonyooka, funga jiliwa, usikaze mpaka gundi yote ikatoka, acha mpaka kesho yake. Ukija asubuhi ukifungua ukisawazisha na ukapitisha kidole macho umefumba usijue kiraka kimeanzia wapi, mpwa wangu, hiyo raha sijaipata kwenye kazi nyengine yoyote.

Palipoachana bila ya tundu, unafungua kwa ubavuni kwa kisu chembamba, unakausha, unasukuma epoksi ndani kwa sindano, unabana. Ukingo wa chuma ukiwa na ufa mdogo tu sawa utaishi, ukiwa umetoka nje na umekunjika mwambie mkuu, hilo lake.

Chuma kilichopigwa na jiwe kina jambo moja lazima ulijue. Pale kilipopigwa kinakuwa kigumu kuliko chuma chengine, ukipitisha tupa inateleza na tupa yenyewe inakufa meno. Tangulia na jiwe la almasi, lenye maji, ondoa ule ugumu, ndo tupa ifuate.

Halafu unyoofu. Chukua rula ya chuma ya kweli, isimamishe kwa upana wa skii, inua uelekee taa, uone mwanga unapita wapi. Mwanga ukipita katikati, kingo ziko juu kuliko soli, skii hiyo inakamata, mtu anataka kupinda haipindi anaanguka. Mwanga ukipita pembeni, soli imefura katikati, hiyo inayumba kama ngalawa isiyo na tanga, haishiki barafu. Malalamiko mengi ya wateja utayakuta hapo, mtu anasema mimi sijui kupanda kumbe skii mbovu. Dawa yake ni mashine ya jiwe, inasaga soli na chuma pamoja na inachora mistari midogo ya kupitisha maji, mistari myembamba kwa baridi kali, mikubwa kwa theluji ya maji maji. Lakini kila unapopitisha umekula soli, na nilishakwambia ni milimita 1 na kidogo, kwa hiyo pitisha kwa sababu, sio kwa mazoea.

Nta mwisho. Pasi yake sio ya nguo, ina kipimo cha moto, nta nyingi zinataka nyuzi 120 mpaka 140 hivi, soma pakiti. Ukiona moshi punguza. Pasi isisimame hata sekunde, iende kama unapiga pasi kanzu ya Idd, ukisimama unaichoma soli, vile vitundu vidogo vidogo vya soli vinavyonywa nta vinaziba, pale pahala panang'aa na hapanywi nta tena. Ziko nta za zamani za fluorini, zilikuwa zinafanya skii ikimbie sana, shirikisho la skii la kimataifa limezipiga marufuku kwenye mashindano yake yote kuanzia msimu wa 2023/24, kwa sababu zile kemikali hazivunjiki, zinabaki kwenye maji na udongo. Ukikuta kopo lake kabatini usiliguse, usilipashe moto.

Naona nimeandika mengi ya kule na vijana wa hapa wamebaki wananiuliza na bodi zetu je. Bodi zetu ni hayo hayo ila maji ni ya chumvi na hakuna baridi ya kuyagandisha. Bodi ya kite ya ncha mbili ndani ni mbao, mara nyingi ya mti unaoitwa paulownia, nyepesi. Zinapigwa wapi? Wakati wa bamvua maji yakipwa hapa Paje bahari inakwenda mbali sana, yanabaki maji ya magotini juu ya mawe, na watu hawataki kungoja yajae. Mawe, na vigingi vya mwani. Na hapa naomba niseme, mtu akija kwangu bodi imechanwa na kigingi nikamuuliza uliingia vipi kwenye shamba la mwani, wengi hawajui hata kama lile ni shamba. Kinamama wa hapa wanalima mwani tangu mwisho wa miaka ya 80, zile kamba ni chakula cha mtu na ada ya skuli ya mtoto. Bodi ntaitengeneza, lakini na kamba iliyokatika ina mwenyewe, nenda kamtafute umlipe. Waliokwenda wamepokewa vizuri tu.

Tafauti nyengine ni kwamba kwenye bodi za kite maji mengi hayaingii kwa chini, yanaingia kwenye matundu ya skrubu za viatu na mapezi. Watu wanaziba chini wanasahau juu. Na bodi za sefu za povu, tafadhali, jua povu lako kabla hujafungua kopo la resini, ile gundi ya maji maji inayoganda ikawa ngumu, liko povu jeupe la chembe chembe kama la kisanduku cha samaki, hilo ukitia resini ya poliesta linayeyuka mbele ya macho yako, linataka epoksi tu. Mwezi uliopita nililetewa bodi imefanywa hivyo, ilikuwa na ufa wa kidole, ikarudi na shimo la kuingia ngumi.

Na kukausha kwetu kugumu kuliko kule, hewa yenyewe imejaa maji, khasa masika. Mie nafanya hivi, kwanza naosha tundu kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi mara kadhaa, watu wanashangaa, tundu lina maji weye unatia maji, lakini chumvi ikibaki ndani inavuta unyevu kila siku haitokauka. Halafu ndani ya banda, kivulini, feni, kamwe sio juani juu ya bati, hewa ya ndani inatanuka inapasua. Na napima kwa mizani ya gramu, uzito ukiwa bado unashuka maji bado yamo ndani.

Sasa hivi iko moja mezani, ya skuli moja ya kite, ina tundu chini upande wa nyuma na nilipogonga mlio ulibadilika mpaka kwenye skrubu ya kwanza. Ilikuja ina kilo 3 na gramu 410. Wana nyengine pacha yake nzima, nikaipima, kilo 3 na gramu 215. Mpwa wangu anakuja kila asubuhi kabla hajaenda kazini, nimemwachia mizani aishike yeye na kuandika ukutani kwa chaki. Siku ya kwanza 410, halafu 365, halafu 320, 285, 262, 250. Jana aliniambia mjomba si imetosha, mwenyewe kishapiga simu mara tatu. Nikamwambia gonga. Akachukua sarafu akagonga toka nyuma kuja mbele, akarudia, akanyamaza, akairudisha mwenyewe mbele ya feni. Leo asubuhi kaandika 241. Kesho anapima tena.